Arusha na Usiku wa Pili: Somo la Miji ya Pwani kwa Jiji la Chini ya Mlima Meru

Katika msimu wa utalii, kabla jua halijaufikia uso wa Mlima Meru, magari ya safari huwa yamekwishajipanga mbele ya hoteli za Jiji la Arusha. Mizigo hupakiwa, maboksi ya chakula cha mchana hugawiwa, na ifikapo saa mbili asubuhi mgeni aliyetua jana yake jioni katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro yuko tayari barabarani kuelekea Tarangire, Manyara, Ngorongoro au Serengeti. Baada ya siku kadhaa hurejea hadi kiwanja cha ndege cha Kisongo, akapanda ndege ndogo na kwenda Zanzibar. Huko hukaa siku tatu, nne, hata wiki. Hutembea kwa miguu katika vichochoro vya Mji Mkongwe, huingia makumbusho, hununua picha ya kuchora na jioni hula Forodhani. Arusha, jiji lililompokea na kumuaga, ameliona kupitia kioo cha gari.

Ratiba hiyo haina kosa. Imejengwa kwa miaka mingi na wafanyabiashara wanaoijua kazi yao, na inauza. Hata hivyo, ongezeko la wageni nchini linaipa Arusha sababu ya kuitazama upya. Filamu ya The Royal Tour, aliyoshiriki Rais Samia Suluhu Hassan, ilizinduliwa nchini katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha (AICC) tarehe 28 Aprili 2022. Kwa takwimu rasmi, watalii wa kimataifa walioingia nchini walikuwa zaidi ya milioni 1.4 mwaka huo, wakafikia milioni 1.8 mwaka 2023 na kuvuka milioni 2.1 mwaka 2024. Sehemu kubwa ya wanaokwenda kwenye hifadhi za kaskazini hupitia Arusha. Swali la kuleta wageni limeanza kupata jibu. Lililobaki ni la usiku wa pili, yaani nini kitamfanya mgeni huyo aamke siku ya pili na kusema kwamba leo hatoki mjini.

Jambo hili linagusa mifuko ya watu kwa namna iliyo wazi. Ada ya kuingia hifadhini huenda kwa mamlaka ya hifadhi, na gharama ya kulala nyikani huenda kwa mwenye kambi. Fedha ya siku inayotumika mjini hufuata njia nyingine: humfikia dereva wa teksi, mwenye mgahawa, mwongoza watalii wa mtaani, mchoraji, mchonga vinyago, mama anayetunga shanga na mkulima wa Tengeru anayepeleka mboga hotelini. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Jiji la Arusha lina wakazi 617,631. Wengi wao hawana gari la safari wala kambi Serengeti, lakini wana kitu cha kuuza iwapo mgeni atapita mbele yao kwa miguu.

Miji ya kihistoria ya pwani imelijibu swali hilo kwa njia zinazostahili kusomwa kwa makini. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini kazi ilianza mapema zaidi. Mamlaka ya kusimamia uhifadhi na uendelezaji wa mji huo iliundwa mwaka 1985, wakati nyumba nyingi zilikuwa zikibomoka na utalii ukiwa mdogo. Yaani chombo cha kuutunza mji kilitangulia wageni. Miaka zaidi ya kumi baadaye ndipo yalipokuja matamasha: Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar (ZIFF), lililoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na ambalo hufanyika kila Februari, jukwaa lake likiwa ndani ya kuta za Ngome Kongwe.

Neno "kila Februari" lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu aliye Nairobi, Berlin au Johannesburg hupanga likizo yake miezi mingi kabla, na kampuni ya utalii huchapisha ratiba na bei zake mapema vilevile. Tamasha linalotangazwa wiki tatu kabla ya kufanyika, hata likiwa zuri namna gani, ni burudani ya wakazi. Halimleti mgeni kutoka mbali. Bagamoyo imejifunza hilo pia. Mji huo wenye magofu ya Kaole jirani, misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 na majengo ya enzi za Wajerumani, hupokea wasanii kila mwaka kwa tamasha linaloandaliwa na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyotokana na chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Lamu, kaskazini mwa pwani hiyohiyo, ina Maulidi yake, yanayovuta watu kutoka mbali bila ya tangazo la kibiashara.

Wako watakaosema kwamba Arusha haina bahari, haina milango ya nakshi, na umri wake ni mdogo. Hoja ya bahari haina jibu. Hoja ya umri inahitaji kupimwa, kwa sababu kinachompendeza mgeni katika mji wa kihistoria ni hadithi anayoweza kuitembelea kwa miguu, na hadithi hizo Arusha imezisheheni kuliko wakazi wake wengi wanavyokiri.

Mtu akianzia Mnara wa Saa, ambao watu wa Arusha hupenda kusema uko katikati ya Cairo na Cape Town (dai ambalo si lazima kulipima kwa rula), akapanda Barabara ya Boma, atafika kwenye ngome ya Wajerumani iliyojengwa mwaka 1900. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, yaliyofunguliwa mwaka 1987, yenye maelezo juu ya chimbuko la binadamu. Lakini kuta zenyewe zina habari nyingine. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa kwenye miteremko ya Meru. Yakafuata mashambulizi ya kulipiza kisasi, mifugo ikatwaliwa, na hatimaye Waarusha na Wameru wakalazimishwa kujenga boma lile kwa mikono yao. Machi 1900 viongozi kutoka Meru na Arusha walinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli wa Wachagga. Ni historia inayouma, na ndiyo inayomfanya mgeni asimame mbele ya ukuta akatazama mawe kwa muda mrefu zaidi.

Kutoka Boma, AICC haiko mbali. Majengo yake yalijengwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, na hapo ndipo ilipokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda hadi ilipofunga shughuli zake Desemba 2015. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Makubaliano ya amani ya Rwanda ya mwaka 1993 na ya Burundi ya mwaka 2000 yalifikiwa hapahapa. Mgeni anayetoka Kigali au Bujumbura akielezwa mambo haya papo hapo yalipotokea, hataondoka kama alivyokuja. Kwa sasa hakuna anayemweleza, isipokuwa awe amebahatika kupata mwongozaji anayeijua historia hiyo.

Mbele zaidi, eneo la Kaloleni, ndipo kilipo kitovu cha matembezi hayo. Makumbusho ya Azimio la Arusha yamo katika ukumbi ambamo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Januari 1967 na kupitisha Azimio lililotangazwa tarehe 5 Februari mwaka huo. Jirani umesimama Mnara wa Mwenge. Vijana wa nchi nzima walitembea kwa miguu kuliunga mkono Azimio lile, na Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza Oktoba 1967. Hata anayelipinga leo hawezi kukana kwamba jina la Arusha liliingia katika vitabu vya siasa vya dunia kupitia mlango wa ukumbi huo mdogo.

Nje kidogo ya jiji zimo habari nyingine mbili ambazo zingeweza kuujaza usiku wa pili peke yake. Huko Tengeru yapo makaburi ya Wapoland, kumbukumbu ya wakimbizi takriban 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliopokelewa hapo kuanzia mwaka 1942 wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Na upande wa kaskazini-mashariki wa Meru iko Engare Nanyuki, ambako mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao igawiwe walowezi. Wameru hawakuchukua silaha. Walichanga fedha na kumtuma Kirilo Japhet hadi New York, ambako mwaka 1952 aliwasilisha malalamiko yao katika Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi mara moja, lakini kesi ile iliwafundisha Watanganyika kwamba mlango wa dunia unaweza kubishwa. Mgeni huipita njia ya Engare Nanyuki akienda kutazama twiga.

Kuhusu sanaa, Arusha haianzi patupu. Kituo cha Urithi wa Utamaduni, maarufu kwa jina la Cultural Heritage, kilifunguliwa mwaka 1994 kwenye barabara ya kuelekea Dodoma, na ukumbi wake wa sanaa, wenye umbo lililotokana na ngoma, ngao na mkuki, umekusanya vinyago na picha kutoka sehemu nyingi za Afrika. Magari ya safari husimama hapo. Warsha ya Shanga imeonesha namna ufundi wa watu wenye ulemavu, kwa vioo na shanga, unavyoweza kuuzwa kwa bei ya heshima mahali ambapo mnunuzi humwona fundi akiwa kazini. Lakini kati ya jengo kubwa lililo pembezoni mwa jiji na meza ya mchuuzi iliyo karibu na Mnara wa Saa hakuna ngazi ya kati ya kutosha: vyumba vidogo vya maonesho vilivyo mtaani, ambamo mchoraji hukaa na kazi zake, huzungumza na mnunuzi, na bei huandikwa.

Pengo hilo lina gharama. Mtindo wa tingatinga ulianzishwa na Edward Said Tingatinga mjini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Leo picha za mtindo huo, za tembo, chui na Mlima Kilimanjaro, zinafanana kutoka meza moja hadi nyingine, hivyo mashindano yamebaki kuwa ya bei. Mchoraji asiye na mahali pa kutundika kazi tofauti hurudi kwenye kile kinachouzika haraka. Zanzibar nayo inao ugonjwa huu katika maduka mengi ya vichochoroni, wala haifai kuisifu kupita kiasi. Mgeni wa Mji Mkongwe hulalamikia pia papasi wanaomfuata kila kona. Tofauti ni kwamba kule mgeni ana siku tatu za kutafuta, na siku ya tatu ndipo huikuta kazi ya kweli.

Lipo pia suala la sheria, ambalo halisemwi sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayapa ulinzi wa moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hulindwa pale tu yanapotangazwa rasmi. Kwa Kilwa au Kaole mpaka huo hauleti shida. Kwa miji ya bara, ambayo karibu yote ilisimama baada ya mwaka huo, maana yake ni kwamba nyumba ya zamani ya mtaani haina kinga hadi mtu aipeleke kwenye meza ya Waziri mwenye dhamana. Arusha inajengwa kwa kasi, na ghorofa jipya huleta kodi. Halmashauri ya Jiji haiwezi kulaumiwa kwa kutoa vibali vya ujenzi. Lakini orodha ya majengo yanayostahili kubaki, hata yakiwa kumi tu, ingeandaliwa sasa kabla hayajafika matatu. Na kutangaza pekee hakutoshi. Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 na fahari ya Mji Mkongwe, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha.

Kuna mlima wenyewe. Meru, wenye kimo cha mita 4,566, hupandwa kwa siku tatu au nne, na mpandaji husindikizwa na askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati. Watu wengi hupita chini yake wakikimbilia Kilimanjaro. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yenye kilomita za mraba 552, ina mbega weusi kwa weupe, maziwa ya Momella yenye flamingo, na ruhusa ya kutembea kwa miguu, jambo ambalo hifadhi nyingi haziruhusu. Inatembelewa kwa siku moja na mgeni anayelala mjini. Kwenye miteremko hiyohiyo, vijiji kama Ng'iresi, Ilkiding'a na Mulala vimepokea wageni kupitia utalii wa kitamaduni tangu miaka ya 1990. Mulala, wanawake walijulikana kwa kutengeneza jibini lililouzwa hotelini. Huu ni utajiri ambao Mji Mkongwe hauna: asubuhi msituni, mchana kijijini, jioni mjini. Kinachokosekana ni hiyo jioni.

Jioni ya Arusha ipo, ila mgeni haonyeshwi. Ipo nyama choma, upo loshoro wa Kiarusha, na upo muziki. Jiji hili limezaa kundi la X Plastaz, lililochanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai na kupanda majukwaa ya Ulaya. Limezaa Nako 2 Nako na Joh Makini. Kijana wa Kijenge anaijua historia hiyo kwa moyo. Mgeni aliyeko hoteli ya jirani hulala saa tatu usiku.

Majaribio ya tamasha yamefanyika. Oktoba 2024 mamia ya magari ya Land Rover yalikusanyika Arusha, na jiji lilionesha kwamba linaweza kuvuta umati kwa jambo linalotokana na maisha yake lenyewe, kwani gari hilo ndilo lililobeba utalii wa kaskazini kwa miongo mingi. Maonesho ya KILIFAIR hukutanisha wafanyabiashara wa utalii kila Juni, Arusha na Moshi zikipokezana. Kwa upande mwingine, tamasha la sanaa na utamaduni la Jumuiya ya Afrika Mashariki, JAMAFEST, lilifanyika Kigali mwaka 2013, Nairobi mwaka 2015, Kampala mwaka 2017 na Dar es Salaam mwaka 2019. Jumuiya ina makao yake makuu Arusha; tamasha lake lilizunguka miji hiyo bila kufika nyumbani. Utaratibu wa kupokezana miongoni mwa nchi unaeleweka, lakini zamu ya Tanzania ikirudi, hoja ya Arusha ina nguvu.

Uzoefu wa Zanzibar unaonya vilevile kwamba tamasha haliishi kwa sifa. Sauti za Busara, pamoja na umaarufu wake, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Anayetaka tamasha la kila mwaka anapaswa kuhesabu fedha za mwaka wa tatu na wa nne, wakati wadhamini wa kwanza wamechoka na viongozi waliolizindua wamehamishwa.

Ndiyo maana mwaka 2027 unahitaji kutazamwa kwa hesabu. Tanzania, Kenya na Uganda ni wenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON 2027, zinazotarajiwa katikati ya mwaka, na Arusha imejengewa matumaini juu ya uwanja mpya wa kata ya Olmoti, wenye uwezo wa watazamaji takriban 30,000. Mjadala wa umma umekuwa juu ya uwanja, barabara na vitanda. Haujagusa sana jambo moja la kawaida la mashindano hayo: katika hatua ya makundi timu hucheza, kisha hupumzika siku kadhaa. Shabiki kutoka Dakar au Cairo atakuwa na siku hizo mkononi, fedha mfukoni, na pengine hana muda wala bajeti ya kwenda Serengeti. Atauliza aende wapi kwa miguu.

Mwaka huohuo, tarehe 5 Februari, Azimio la Arusha litatimiza miaka 60. Tarehe hiyo haihitaji kubuniwa wala kununuliwa. Tayari ni ya Arusha na haiwezi kuhamishiwa mji mwingine. Inaangukia wakati nyumbu wanazaa katika nyanda za Ndutu na wageni ni wengi kaskazini, masika yakiwa bado. Ni mwezi uleule wa Sauti za Busara, kiasi kwamba mgeni mmoja anaweza kuanza kwa ngoma Kaloleni na kumalizia Ngome Kongwe. Wiki moja ya maonesho ya picha, mijadala, muziki na matembezi kutoka Mnara wa Saa hadi Mnara wa Mwenge ingekuwa pia jaribio la jiji kabla ya umati wa soka kuwasili.

Kazi inayohitajika ni ya kawaida, na imegawanyika katika ofisi nyingi. Makumbusho ya Taifa yanamiliki milango miwili ya matembezi hayo, Boma na Kaloleni, na ndiyo yenye uamuzi wa kuiacha wazi baada ya saa za ofisi, kwa kuwa mgeni wa Arusha huwa na nafasi jioni. Halmashauri ya Jiji ina taa za barabarani, njia za waenda kwa miguu na vibao. Bodi ya Utalii Tanzania ina kalenda inayofika kwa mawakala wa nje. Wizara yenye dhamana ya utamaduni na sanaa ina wasanii, na kampuni za utalii zina kalamu inayoandika ratiba. Kampuni hizo huanza kuuza safari za Februari mapema mwaka unaotangulia, na bei zikishachapishwa, usiku wa pili wa Arusha utakuwemo au hautakuwemo.